Saa Mbili Kasoro Dakika Moja

Nchi yenyewe haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, na akiona inafanana na nchi anayoijua, basi macho yake yana kasoro na aende akapimwe. Tunachojua sisi ni kwamba ilikuwa na bendera, wimbo, mawaziri sitini na wanne, na Baba Mlezi wa Taifa, ambaye hakuwahi kuchelewa popote maishani mwake.

Hilo la kutochelewa lilipitishwa na Bunge siku moja baada ya Sherehe za Uhuru. Sherehe zilipangwa kuanza saa mbili asubuhi. Wananchi walifika saa kumi na moja alfajiri kama walivyoagizwa, gwaride likajipanga, na watoto wa halaiki wakasimama uwanjani wakiwa wameunda kwa miili yao maneno USHINDI DAIMA. Jua likapanda. Saa nne watoto wa herufi U walizirai, wakabebwa. Wakafuata wa N, kisha wengine. Ilipotimu saa sita, herufi zilizokuwa bado zimesimama zilisomeka SHIDA, na televisheni ya taifa ikalazimika kuonyesha maua kwa saa nzima.

Baba Mlezi aliwasili saa saba mchana, akapungia mkono. Balozi mmoja wa kigeni, mtu asiye na adabu, akatazama saa yake ya mkononi. Baba Mlezi akamwona.

Kesho yake Waziri wa Majira, Mheshimiwa Profesa Kanali Baraguma, alisimama Bungeni. "Ndugu wabunge," alisema, "Baba Mlezi hakuchelewa. Saa ndiyo iliyowahi! Imekuwa ikiwahi kwa miaka mingi, kwa hila za wasiotutakia mema, ikimtangulia Kiongozi wa nchi pasipo ruhusa. Je, kuna raia hapa anayeweza kumtangulia Baba Mlezi akabaki salama? Sasa saa ni nani?" Wabunge walipiga meza mpaka mbili zikapasuka.

Ndipo tunapofika kwa Sikitu Nalinga.

Sikitu alikuwa mwandishi wa programu katika Idara ya Kompyuta za Serikali, mjane wa miaka arobaini na moja mwenye binti mmoja wa miaka tisa, Tunu. Alikuwa mwoga, na hakuona aibu kukiri. Akiogopa alishikwa na kwikwi. Kwa miaka kumi na mitano alikaa kwenye kona moja ya ofisi akishughulikia jambo moja tu ambalo wenzake walilikimbia, nalo ni tarehe na saa. Yeye ndiye aliyehakikisha kwamba kompyuta za serikali zinajua mwezi wa pili una siku ngapi mwaka huu, kwamba mtu aliyezaliwa tarehe tatu mwezi wa nne hageuzwi kuwa wa tarehe nne mwezi wa tatu, na kwamba saa sita ya mchana haichanganywi na saa sita ya usiku. Ni kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona.

Waziri alimwita ofisini kwake. Ukutani palikuwa na alama nyeupe ya duara, mahali ilipokuwa saa.

"Dada Sikitu," alisema Waziri kwa upole uliomfanya Sikitu aanze kukosa pumzi, "tumeambiwa wewe ndiye mwenye saa."

"Mimi ni mtumishi tu, Mheshimiwa. Hik."

"Kuanzia Alhamisi nchi itatumia Saa ya Taifa. Ni rahisi sana. Saa mbili asubuhi ni pale Baba Mlezi anapoketi kwenye kiti chake cha ofisi. Tumemwekea kitufe mezani. Akikibonyeza, imekuwa saa mbili nchi nzima. Asipokibonyeza, saa itasubiri kwenye saa mbili kasoro dakika moja, kwa heshima, mpaka atakapokibonyeza."

"Mheshimiwa, kompyuta haijui saa mbili. Ndani yake inahesabu sekunde tu, zilizopita tangu siku moja ya zamani waliyokubaliana mafundi wa dunia nzima. Ile saa tunayoiona kwenye kioo ni tafsiri ya hiyo hesabu. Tukiisimamisha hesabu yenyewe..."

"Sekunde hizo ni za nani?"

"Si za mtu, Mheshimiwa."

"Basi zitakuwa za Baba Mlezi." Waziri alitabasamu. "Na isibaki saa nyingine ndani ya mipaka. Hata moja. Atakayeificha atashtakiwa kwa kumiliki wakati wa kigeni. Unaye mtoto, sivyo?"

"Ndiyo, hik, Mheshimiwa."

"Mtoto mzuri," alisema Waziri, ambaye hakuwahi kumwona.

Sikitu alirudi kwenye kona yake akakaa mbele ya kibodi. Kufanya kama alivyoagizwa kulikuwa mistari sita ya programu. Lakini alijua kitu ambacho Waziri hakukijua wala hakutaka kukijua. Hospitali Kuu ilikuwa na mashine za dripu mia moja na ishirini, na zote zilichukua saa kutoka kwenye kompyuta za Idara. Ikisimama hesabu, na dawa itasimama mishipani mwa watu. Siku Baba Mlezi akilala mpaka mchana, ni watu wangapi hawataamka?

Alikaa hapo tangu asubuhi mpaka wenzake walipofunga madirisha. Kisha akafanya jambo ambalo mtu mwoga hapaswi kulifanya. Hesabu ya kweli aliiacha iendelee kimyakimya ndani kabisa ya mashine, na hospitali akaiunganisha na hesabu hiyo. Saa ya Taifa akaiweka juu juu, kwenye vioo, mahali inapoonekana. Kwenye taarifa yake akaandika: "Saa imebadilishwa yote." Alisaini haraka hivi kwamba sahihi yake ilifanana na ya mtu mwingine, na hilo likampa faraja kidogo.

Saa ya Taifa ilipokelewa kwa furaha, kwa kuwa haikuwepo namna nyingine ya kuipokea. Wananchi walisalimisha saa zao kwenye viwanja vya mpira, tingatinga likapita juu yake. Minazi miwili iliyokuwa mbele ya Wizara ilikatwa, kwa kosa la kuonyesha wakati kwa kutumia kivuli. Wenye majogoo walipewa onyo la maandishi.

Jumanne moja ilichukua saa thelathini na moja. Ijumaa moja haikutokea kabisa, maana Baba Mlezi alikuwa ng'ambo kwenye arusi, na wale waliokuwa wafunge ndoa siku hiyo waliambiwa bado wachumba ingawa wageni walikwisha kula. Kule mkoani mama mmoja alijifungua pacha. Wa kwanza alizaliwa kabla ya kitufe kubonyezwa na wa pili baadaye, siku ambayo Baba Mlezi aliamua kurudisha saa nyuma ili awahi kikao, kwa hiyo vyeti vikaonyesha kwamba wa pili ndiye mkubwa. Familia ikaenda mahakamani. Hakimu aliahirisha kesi mpaka saa nne, na wao bado wanaisubiri.

Sikitu alipita katikati ya haya yote akiwa amejikunja. Kila mlango ukigongwa, kwikwi. Kila gari likisimama nje ya nyumba, kwikwi. Tunu alimzoea, akawa anampa maji kabla hajaombwa.

"Mama, unaogopa nini?"

"Siogopi kitu, mwanangu. Kunywa chai."

"Chai ya asubuhi au ya jioni?"

"Usiulize hivyo nje ya nyumba hii. Umenisikia? Usiulize kabisa."

Siku ambayo Sikitu aliiogopa ilifika ikiwa Jumanne, na ilikuwa Jumanne kwa muda mrefu. Saa ya Taifa ilifika saa mbili kasoro dakika moja ikasimama. Jua likapanda, likashuka, likazama, likachomoza tena. Ofisi zote zilikuwa zinafunguliwa saa mbili, kwa hiyo watumishi walisimama nje ya mageti wameshika vitambulisho, wengine wamekaa chini, wengine wamelala hapo hapo. Hakuna aliyethubutu kurudi nyumbani asije akaitwa mtoro, na hakuna aliyethubutu kusema kuwa ameona jua likizunguka. Idara ya Kompyuta peke yake iliruhusiwa kuingia kazini kabla ya saa mbili, ili saa mbili iweze kutengenezwa.

Mlango wa ofisi ulifunguliwa bila kugongwa. Aliingia Kapteni Mwinchande wa Usalama wa Majira, mwanamume mrefu, mwenye sauti ndogo, aliyesifika kwa kutowahi kumpiga mtu yeyote. Watu walimwambia kila kitu kabla hajainua mkono. Alivuta kiti akaketi karibu na Sikitu, karibu mno.

"Bi Sikitu. Natoka Hospitali Kuu. Saa haijasogea tangu jana, nadhani unajua."

"Najua, hik, Kapteni. Bado ni saa mbili kasoro dakika moja."

"Vizuri. Lakini wagonjwa wa kule wamepata dawa mara nne. Kila baada ya saa nane, bila kukosea, mashine zimefungua dripu zenyewe." Alimtazama usoni. "Nani aliziambia mashine kuwa saa nane zimepita, wakati hata dakika moja haijapita?"

Sikitu alifungua mdomo. Haikutoka hata kwikwi. Zilimkauka zote, na hilo lilimtisha kuliko chochote. Alimfikiria Tunu akirudi nyumbani na kukuta mlango umefungwa.

"Chukua laptopu yako," alisema Kapteni. "Twende."

Garini Sikitu alihesabu kona. Kwenda gereza la mjini mtu hukata kushoto penye kiwanda cha sabuni. Walipofika kiwandani gari likanyoosha moja kwa moja, naye akafunga macho, maana mbele ya hapo palikuwa na mahali pawili tu. Mahali pamoja palikuwa makaburi ya serikali. Alipoyafumbua, walikuwa wanapita kwenye lango la Ikulu.

Chumba cha Baba Mlezi kilikuwa na mapazia mazito yaliyopigiliwa ukutani pande zote. Taa moja ndogo iliwaka. Kwenye kitanda kikubwa kama jukwaa alilala mzee mdogo, wa rangi ya majivu, midomo imepasuka. Sikitu alichukua muda kumtambua. Picha za ukutani zilikuwa za mtu mnene. Pembeni alisimama muuguzi, Apolonia, ameshika sinia lenye kidonge kimoja na bilauri ya maji. Miguu ilimvimba. Ni wazi alikuwa amesimama hivyo kwa muda mrefu sana.

Baba Mlezi aliwatoa mawaziri na madaktari kwa kuinua kidole. Apolonia hakutolewa, pengine kwa sababu alikuwa amehesabiwa kuwa sehemu ya sinia. Kapteni alibaki mlangoni.

"Wanasema wewe una saa," alisema Baba Mlezi. Sauti ilikuwa kama karatasi.

Sikitu alianguka magoti. Akikubali, amekiri kosa la kifo. Akikataa, mtu huyu atakufa mbele yake, kisha atashtakiwa kwa hilo. Alitafuta jibu la tatu kichwani, halikuwepo.

"Ninayo, Baba."

"Ni saa ngapi?"

Alifungua laptopu sakafuni. Akatafuta hesabu ya kweli. "Ni saa sita na dakika kumi mchana, Baba. Jumatano."

"Jumatano?" Mzee alijaribu kuinuka. "Mbona niliambiwa bado asubuhi ya Jumanne?"

Akarudi kwenye mto.

"Kidonge changu cha mwisho nilimeza lini?"

Kila kidonge cha Ikulu kiliandikwa kwenye kompyuta kilipotolewa. Sikitu alitoa hesabu moja kutoka kwa nyingine. "Jumatatu saa sita usiku. Zimepita saa thelathini na sita, Baba. Umekosa vinne."

Baba Mlezi aligeuza kichwa polepole kumtazama muuguzi. "Wewe. Kwa nini hukunipa?"

"Cheti cha daktari kinasema kila baada ya saa nane, na kilichofuata kilikuwa cha saa mbili asubuhi, Baba," Apolonia alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Saa mbili ilikuwa haijafika."

"Saa mbili ya nani?"

"Yako, Baba. Mpaka ukae kwenye kiti. Na wewe hukuweza kuamka."

Baba Mlezi akanyoosha mkono, akachukua kidonge, akameza.

"Nani mwingine anajua kuhusu saa hiyo?" aliuliza.

Sikitu alisikia buti za Kapteni zikikwaruza sakafu kidogo nyuma yake. Alihisi macho ya mtu yule kwenye kisogo chake. Ni mtu huyu aliyemleta hapa. Neno moja tu lingetosha kumwangamiza.

"Mimi na mashine, Baba. Basi."

Buti zikatulia.

Sikitu alitarajia kupigwa risasi siku ile ile. Badala yake aliteuliwa. Tangazo lilisomwa na Waziri Baraguma mwenyewe, ndani ya chumba kilichofungwa, mbele ya watu watatu, kwa sauti ya kuhutubia uwanja mzima: "Kwa kutambua kuwa Kiongozi wa nchi ndiye raia pekee mwenye ukomavu wa kubeba wakati halisi, imeamuliwa kwamba saa ya kweli itakuwa siri ya taifa, mali ya Baba Mlezi peke yake, na Bi Sikitu Nalinga atakuwa Mhesabu Mkuu wa Muda Usiotajwa. Atakaa Ikulu, asitoke. Wananchi wataendelea kufaidi Saa ya Taifa." Kisha akampongeza kwa kumshika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa baridi kama ya Sikitu.

Alipewa chumba chenye dirisha la nondo, kitanda kizuri na walinzi kumi na mmoja wa kupokezana. Tunu alipelekwa kwa dada yake Sikitu, Mwanjaa. Kila baada ya saa nane Sikitu aliingizwa kwenye chumba cha mapazia, akaseme saa, Apolonia atoe kidonge, Sikitu atolewe. Baba Mlezi alipona. Alinenepa, akafanana tena na picha. Usingizi wake ulirudi ukawa mzuri mno, na kwa kuwa sasa hakuwa na hofu ya kukosa dawa, alikibonyeza kitufe pale tu alipojisikia. Wakati mwingine Sikitu alikaa kitandani akiwaza kwamba zile dripu mia moja na ishirini zinaendelea kudondosha dawa kwa sababu yake, na mzee huyu anaendelea kutawala kwa sababu yake pia, kwa hesabu ile ile moja, na hakujua amshukuru nani au amwombe nani msamaha.

Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja. Alikuwa ameusaini haraka, kwa hofu, akaona neno hilo tu, "mwaka mmoja", akashusha pumzi. Baadaye akasoma mstari wa chini: kwa Saa ya Taifa.

Ruhusa ya kutembelewa ilikuwa kila baada ya miezi sita. Miezi sita hiyo ilipofika, na tunamwachia msomaji akisie ilivyofika, Sikitu alisimama dirishani tangu alfajiri. Aliona mtu akija na Mwanjaa kutoka langoni, msichana mrefu mwenye mabega ya marehemu mume wa Sikitu. Koplo Matimbwa, mlinzi wa zamu, mzee wa mvi kidevuni, aliwazuia hatua tano tu kutoka dirishani, akafungua kitabu.

"Mgeni aliyeandikwa ni mtoto wa miaka tisa," alisema. "Huyu ni nani?"

"Ni Tunu," alisema Mwanjaa. "Ndiye huyo huyo."

"Haiwezekani. Kitabu kinasema tisa. Nikimwingiza huyu, nimeingiza mtu asiyejulikana."

Msichana aliinua uso kuelekea kwenye nondo. Hakulia. "Mama," aliita, "shuleni wananiweka darasa la watoto wadogo. Nikisema mimi mkubwa wananiadhibu. Nina miaka mingapi?"

Mwanjaa alimziba mdomo, lakini swali lilikwisha kutoka. Koplo alishika bunduki vizuri. Kujibu swali lile mbele ya mlinzi kulikuwa kutoa siri ya taifa. Adhabu yake ilibandikwa ndani ya mlango wa chumba cha Sikitu, kwa herufi kubwa, ili aisome kila anapoamka. Alishika nondo.

"Kumi na mbili," alisema. "Kumi na mbili, miezi minne na siku tisa. Wewe ni mkubwa, mwanangu. Hukukosea."

Koplo Matimbwa aliandika kitu kitabuni, akakifuta. Aliangalia nyuma, akaangalia juu ya ukuta, kisha akasogea dirishani mpaka pua yake ikakaribia nondo. Sikitu alifunga macho.

"Mama," alinong'ona mzee yule, "na mimi je? Niliajiriwa mwezi wa tano, mwaka wa mafuriko. Miaka thelathini nastaafu. Wananiambia bado mwaka mmoja. Kila nikiuliza, bado mwaka mmoja."

Sikitu alihesabu. Hakuhitaji laptopu. "Ulistaafu mwaka juzi, Mzee Matimbwa. Mwezi wa tano, tarehe ile ile."

Koplo aliketi chini, bunduki magotini, akakaa hivyo huku Tunu akimpita taratibu, akaingiza mikono kati ya nondo na kumshika mama yake masikio yote mawili, kama alivyozoea alipokuwa mdogo. Mwanjaa alisimama anatazama barabara.

Kesho yake, zamu zilipobadilishana, walinzi wote kumi na mmoja walikuja. Walijipanga chini ya dirisha, kofia mkononi. Sikitu aliwatazama, na hofu ikamjaa kuliko siku zote, maana siri ya mtu mmoja inaweza kukaa, lakini ya vinywa kumi na viwili, pamoja na chake? Angeweza kufunga dirisha. Aliweka mkono kwenye komeo, akauondoa.

Akaanza na wa kwanza. Huyu alitaka kujua mama yake alikufa siku ngapi zilizopita. Wa pili aliulizia kifungo cha kaka yake, wa tatu mimba ya mkewe. Aliwajibu wote kwa kunong'ona, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa wa mwisho, kijana aliyekuwa anaangalia chini tu.

"Na wewe?"

"Mimi sina hesabu ndefu, mama," alisema. "Nataka tu kujua leo ni siku gani."

"Jumapili," alisema Sikitu.

Kijana alivaa kofia yake, akairekebisha ikae sawa. "Jumapili," alisema, kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeongea mchana kweupe, na wote kumi na wawili wakashtuka kuisikia.